Ukuta haurudishi mchanga jamani

Juzi tena kanipigia mtu, ana kiwanja cha ufukweni pale Ushongo, Pangani, anasema fundi ameshapatikana na mawe yameshashushwa, anataka tu nimwambie ukuta uende futi ngapi ili bahari isizidi kula ufukwe. Kila mwaka kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikianza simu ni hizi hizi na mimi nachoka kwa kweli.

Ukuta unaweza kulinda nyumba. Ufukwe unaumaliza. Wimbi likifika kwenye mteremko wa mchanga linapanda mpaka linachoka, maji mengine yananywewa na mchanga, yanayobaki yanarudi taratibu. Likigonga zege halina pa kupanda, linarudi na nguvu zake na kuchimba pale miguuni mwa ukuta, bamvua hili (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu) na bamvua lijalo, mpaka msingi unakaa wazi. Kuna mteja mmoja alijenga na ngazi ya kushukia pwani, kidato cha mwisho kilikuwa kimezama mchangani, nilipoenda maji yakiwa yamekupwa kidato hicho kilikuwa kinaning'inia usawa wa kiuno changu.

Halafu kuna suala la mwelekeo, hapa ndo watu hawataki kusikia kabisa. Mawimbi ya kusi yanatujia mshazari kutokea kusini mashariki, yaani wimbi linapanda ufukweni kiupandeupande halafu maji yanashuka moja kwa moja, kwa hiyo mchanga unasogea kidogo kuelekea kaskazini, kila wimbi, kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa huko. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia inarudisha kiasi, ila kusi ndo lina nguvu zaidi. Mwaka ambao upepo umebadili nguvu au pembe, mchanga nao unabadili safari. Sasa wewe ukimwaga mawe mpaka majini umemkatia jirani yako wa kaskazini mchanga wake, na mwakani yeye ndo ananipigia.

Wengine wanasema bahari imepanda basi hakuna la kufanya. Imepanda kweli, duniani kwa wastani ni kama sentimita 20 tangu 1900, na inaendelea, mimi silipuuzi hilo hata kidogo. Lakini ukipoteza hatua kumi za ufukwe ndani ya kusi moja, angalia mawimbi kwanza, na angalia mwamba wa mbele yako. Mwamba wa matumbawe ukiwa mzima unavunja sehemu kubwa sana ya nguvu ya wimbi kabla halijakufikia, na sisi Tanga miamba imepigwa baruti miaka na miaka.

Na Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani, haijazama kwa sababu bahari imepanda, naomba tuache kusema hivyo. Ilipotangazwa hifadhi mwaka 1975 ilikuwa na miti, miti ilipoisha mchanga ukakosa wa kuushika, mawimbi yakauhamisha. Leo ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linafunikwa, na umbo lake la kusi sio la kaskazi.

Kuchota mchanga "kidogo tu" wa kujengea? Hapana.

Ushauri wangu ni kigingi. Kipige nyuma kabisa penye majani, kila bamvua hesabu hatua mpaka ukingo wa maji kujaa, andika, mwaka mzima, ndo uje tuongee habari ya ukuta. Yule wa Ushongo nimemwambia hivyo hivyo, kasema fundi ameshalipwa nusu.