Usikate Geti

Miaka michache iliyopita nilikuwa nahariri picha moja, yaani filamu, ya hapa hapa Mwanza, nikakata tukio la geti. Mnalijua: honi, mlinzi mbio, geti linafunguka, gari linaingia taratibu kama linamleta bibi harusi, mama mwenye nyumba anashuka na mkoba wake. Dakika mbili nzima, hakuna anayesema neno. Prodyuza akanipigia saa nne usiku. "Kaka, kata unachotaka, geti usiguse."

Nikamwona mshamba. Siku hizi naona alimjua mtazamaji kuliko mimi. Nyumba ilikuwa ya kuazima, Capripoint kwa matajiri, gari la kukodi kwa siku, na mtazamaji hilo analielewa fika. Hadanganyiki. Anaoneshwa anakotamani kufika.

Zamani haikuwa hivyo. Enzi za Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa 1968, kamera ilikuwa mkononi mwa serikali, na wa kusifiwa alikuwa mkulima na jembe lake. Kamera za video ziliposhuka bei zikawafikia watu binafsi, tukahamia sebuleni: makochi, kabati la vyombo, maua ya plastiki. Wenzangu husema sababu ni bajeti. Kweli, sebule haina upepo wa kuharibu sauti, jenereta moja inatosha, na kazi unaimaliza kwa siku chache. Lakini mbona iwe sebule ya tajiri? Chumba cha kupanga Mabatini si ni bei chee zaidi?

Sasa chukua upande wa pili. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa Darwin's Nightmare, aliyoipiga hapa kwetu: ndege za mizigo, minofu ya sangara ikienda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakibaki huku. Ikafika hadi kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani, na huku mtaani watu wakaja juu, wakiwemo ambao hawakuwahi kuiona. Mimi ugomvi wangu nayo ni wa kifundi: inaunganisha samaki na silaha, eti ndege hizo hizo huzileta Afrika, kwa ujanja wa mkato, pale ambapo ningetaka ushahidi. Ila mapanki tumeyala jamani. Yamekaangwa barabarani tukinusa. Kilichouma ni kwamba mgeni alipitia uani na kamera yake, wakati sisi miaka yote tunampokea kwa geti la mbele.

Na katikati ya geti na uani kuna ziwa zima. Katika picha zote nilizohariri, karabai za wavuvi wa dagaa usiku, zile zinazofanya maji yaonekane kama mji mwingine, sijawahi kuziona hata mara moja.

Mwezi uliopita binti mmoja aliniletea picha aliyoipiga Mwaloni, Kirumba. Wachuuzi wanabishana bei, mizani inagombaniwa, sauti nusu imeliwa na upepo. Nzuri mno. Tulipofika dakika ya ishirini akasimamisha, akanigeukia: "Kaka, humo kwenye kompyuta yako huna geti la akiba?"