Arusha ya mahakama nyingi: yanayosemwa na yaliyosainiwa kuhusu biashara na uwekezaji

Mwambie bodaboda wa Arusha akupeleke "mahakama ya kimataifa" uone. Mwenye umri mkubwa atakushusha AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, ilikokuwa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kijana atakuuliza: ile ya Afrika Mashariki au ile ya haki za binadamu? Mji umeyazoea majengo haya kiasi kwamba watu huamini haki ya biashara nayo ipo hapo jirani, kazi ni kugonga mlango tu. Kuna na wanaoamini kwamba yote huamuliwa Washington na Geneva, sisi tunapokea. Nimewahi kuyasikia yote mawili kwa mtu mmoja, katika mazungumzo hayohayo.

Kwa maoni yangu kosa lao ni moja. Wanaanza kuuliza nani ana nguvu, kabla hawajauliza karatasi ipi ilisainiwa na nani anaruhusiwa kushtaki kwa karatasi hiyo.

"Mahakama za Arusha zote ni kitu kimoja"

Sivyo, na tofauti yake inaweza kukugharimu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inashughulikia haki za binadamu, na Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja. Mlango huo ulifungwa mwaka mmoja baadaye. Jengo bado liko kwetu, lakini mwananchi wa hapa hawezi kufungua kesi mpya dhidi ya nchi yake.

Mahakama ya Afrika Mashariki ni habari nyingine. Imezaliwa na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosainiwa hapahapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na ibara ya 30 inamruhusu mtu au kampuni yoyote inayoishi ndani ya Jumuiya kupinga sheria au uamuzi wa nchi mwanachama unaovunja Mkataba. Hulazimiki kuanza na mahakama za nyumbani. Kampuni ya sigara ya BAT Uganda iliutumia mlango huo baada ya Uganda kubadili sheria ya ushuru mwaka 2017 na kuzitoza sigara zilizotengenezwa nje ya nchi zaidi ya za ndani. Sigara zake zilikuwa zikitoka Kenya. Mwaka 2019 mahakama ilikubaliana nayo: bidhaa ya nchi mwanachama haiwezi kutendewa kama ya mgeni.

Kinachowaangusha wengi ni muda. Unayo miezi miwili tu tangu sheria itungwe au tangu ulipoijua. Miezi miwili! Mfanyabiashara wa kawaida huwa bado yuko kwenye vikao na ofisi ya mkoa.

"Jumuiya ni moja, kwa hiyo Mkenya anafungua duka popote"

Mjadala huu ulipamba moto baada ya amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15 nchini: rejareja na jumla (supamaketi hazimo), uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hotelini, kuongoza watalii, kununua mazao shambani, na nyingine. Kwa Arusha orodha hiyo inagusa mifuko ya watu tunaowafahamu. Kenya ililalamika kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja imevunjwa, na upande wa pili vijiweni ukajibu kuwa nchi huru haipangiwi.

Pande zote mbili zinaruka karatasi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatoa haki ya raia wa nchi mwanachama kuanzisha shughuli zake katika nchi nyingine. Lakini haki hiyo imefungwa kwenye majedwali ya ahadi, na kila nchi iliandika humo sekta inazofungua, kwa masharti gani na lini. Kwa hiyo si kweli kwamba Mkenya ana ruhusa ya kila kitu, wala si kweli kwamba Serikali haifungwi na chochote. Jibu linabadilika biashara kwa biashara: ya muongoza watalii linaweza kutofautiana kabisa na la fundi simu. Wanaopiga kelele juu ya biashara zote 15 kwa mkupuo, huku au kule, hawajafungua jedwali.

Na ile miezi miwili? Kwa amri iliyotangazwa mwishoni mwa Julai, iliisha mwishoni mwa Septemba.

"Umoja wa Forodha maana yake mzigo unapita bila kulipa"

Hii ndiyo inayoliza watu Holili na Namanga. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, na ni kweli bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha. Neno zito hapo ni "iliyozalishwa". Mama wa Moshi anayenunua viatu Nairobi anasema ametoa mzigo Kenya. Forodha wanasema mzigo umetoka China, Kenya umepita tu. Wako sahihi, hata kama hatuwapendi siku hiyo. Viatu hivyo vinarudi kwenye Ushuru wa Pamoja wa nje, wenye viwango vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, huku bidhaa zinazoitwa nyeti zikipanda zaidi ya hapo.

Anayebeba vitunguu au maharage ya shamba lake ana unafuu ambao wengi hawautumii. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 hupita kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani karatasi ya kuthibitisha bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya, kinachojazwa palepale mpakani. Asiyekijua hupitia njia za panya, na huko ndiko anakopoteza mtaji, maana mzigo uliokuwa na haki ya kupita bila ushuru unageuka wa magendo.

Cheti hicho hakifuti VAT pale inapostahili, wala hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea na ubora. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti: muagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha uasili na cheti cha kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Ushuru ulikuwa sifuri muda wote huo. Malori yalisimama kwa sababu ya maabara.

"Benki ya Dunia inatuhukumu, na sheria ya 2017 ilishaufunga mlango huo"

Hapa nitakaa kidogo, maana pesa iliyotoka ni nyingi na maelezo yanayotembea mitaani ni machache.

Kituo cha ICSID, kinachoshughulikia migogoro ya wawekezaji na serikali, kipo chini ya kundi la Benki ya Dunia, kiliundwa kwa mkataba wa mwaka 1965, na Tanzania ilijiunga mwaka 1992. Hakina majaji wa kudumu. Kila kesi huundiwa baraza lake, kwa kawaida la watu watatu: mwekezaji anamteua mmoja, Serikali mmoja, na mwenyekiti hupatikana kwa makubaliano au kuteuliwa. Unaweza kuulaumu utaratibu huo, na wanaoulaumu ni wengi duniani, hasa kwa kuwa mtu huyohuyo anaweza kuwa msuluhishi katika kesi hii na wakili katika ile. Tangu 2017 kamati ya UNCITRAL, chombo cha Umoja wa Mataifa cha sheria za biashara, inajadili namna ya kuurekebisha, pamoja na wazo la kuwa na mahakama ya kudumu. Lakini Serikali haiburutwi huko kwa nguvu. Iliridhia, ama ndani ya mkataba wa uchimbaji, ama katika sheria yake, ama katika mkataba wa nchi mbili wa kulinda uwekezaji, kama ule wa Tanzania na Uingereza wa mwaka 1994.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya nchi juu ya utajiri wa asili, inayokataza migogoro ya rasilimali kupelekwa nje. Mwaka huohuo leseni za kuhodhi maeneo ya madini zilifutwa kisheria, na kanuni za Januari 2018 zikamalizia. Tulishangilia sana. Kampuni tatu zilizokuwa na leseni hizo zikaenda ICSID kana kwamba sheria yetu haipo, kwa sababu kwenye sheria za kimataifa nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kujinasua na mkataba iliousaini. Winshear ya Kanada ililipwa dola milioni 30 kwa maridhiano mwaka 2023. Indiana, mwenye mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, alipewa tuzo ya dola milioni 109.5 Julai 2023, na mwaka uliofuata yakafikiwa maridhiano ya milioni 90. Montero akamaliza kwa milioni 27 Novemba 2024. Jumla ni dola milioni 147, bila kuhesabu mawakili.

Hiyo ya Indiana ndiyo ninayowaambia watu waisome kwa makini. Indiana ni kampuni ya Australia, na walioshtaki hawakutumia karatasi ya Australia. Walioshtaki ni kampuni zake zilizosajiliwa Uingereza pamoja na ile ya Tanzania, kwa mkataba wa Uingereza. Mwanasheria mzuri wa mwekezaji huchagua mlango kabla ya kuleta hata koleo moja. Sisi tunaanza kutafuta mlango baada ya kugombana.

"Tukipelekwa huko lazima tupigwe"

Hapana. Kwa hesabu za UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, kesi zilizoamuliwa kwa upande wa serikali ni nyingi kuliko zilizoamuliwa kwa upande wa wawekezaji. Mfano wetu wenyewe ni City Water, kampuni ya maji ya Dar es Salaam iliyoondolewa mwaka 2005. Baraza liliamua Julai 2008 kwamba Serikali ilivunja mkataba kwa namna ilivyowaondoa, lakini halikuwapa wawekezaji hata senti ya fidia, kwa sababu biashara yenyewe ilikuwa imeshakufa kwa makosa yao. Somo la kesi ile kwa mtumishi wa umma ni la utaratibu: mkataba mbovu unavunjwa kwa barua na kwa kufuata vipengele vyake. Mkutano na waandishi wa habari unakuja baadaye, kama una ulazima.

Wengine wanasema basi tujitoe kwenye mikataba hii ya kulinda uwekezaji. Tulijitoa: mkataba wetu na Uholanzi ulikoma tarehe 1 Aprili 2019. Ila una kipengele kinachoulinda uwekezaji uliokuwepo kabla ya hapo kwa miaka 15 zaidi, yaani hadi 2034.

Na mwekezaji wa Kitanzania, aliyejenga hoteli Karatu kwa mkopo wa benki ya hapa? Hana mkataba wowote wa nchi mbili wa kukimbilia. Yeye ni Mahakama Kuu na foleni yake. Kama kuna hoja moja dhidi ya mfumo huu inayonikera kuliko zote, ni hiyo.

"WTO itaamua"

Kwa kifupi: WTO, yaani Shirika la Biashara Duniani, inasikiliza serikali tu, haina polisi, na adhabu yake kubwa ni kumruhusu aliyeshinda alipize kwa kutoza ushuru. Tangu Desemba 2019 chombo chake cha rufaa hakifanyi kazi, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wa wajumbe wapya. Tunisia iliishtaki Moroko juu ya madaftari ya shule. Jopo likatoa ripoti Julai 2021, Moroko ikakata rufaa kwenye chombo kisicho na watu, na shauri likabaki hewani.

"Tuliukataa mkataba wa Ulaya, kwa hiyo soko la Ulaya tumelipoteza"

Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa ubia wa uchumi kati ya Jumuiya na Umoja wa Ulaya. Kenya hatimaye ilisaini wa peke yake, ukaanza kutumika Julai 2024. Wengi wakaona tumeachwa. Tofauti ni kwamba Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni na sisi tumo, na nchi za orodha hiyo huingiza karibu kila kitu Ulaya isipokuwa silaha bila ushuru wala kikomo. Maua ya Usa River hayakuhitaji saini ile. Ya Kenya yaliihitaji: yalitozwa ushuru miezi ya mwisho ya 2014 mazungumzo yalipokwama.

Lakini unafuu huo una ukomo. Mwaka 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa iliona kwa mara ya kwanza kwamba Tanzania imefikia vigezo vya kutoka kwenye orodha hiyo, na tathmini inayofuata ni 2027. Mjadala wa mkataba ule utarudi mezani.

Kahawa ya Moshi haina hata habari hiyo, maana kahawa mbichi huingia Ulaya kwa ushuru sifuri kutoka nchi yoyote. Kinachoisubiri ni sheria ya Ulaya ya 2023 dhidi ya ukataji misitu, inayodai kila mzigo uonyeshe shamba ulikotoka na kwamba halikuwa msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Nimesikia hofu kwamba kahawa ya kihamba, shamba la Kichaga la nyumbani, kwa kuwa iko chini ya migomba na miti ya kivuli, itahesabiwa ya msituni. Sheria yenyewe inasema kilimo mseto chini ya miti si msitu. Na shamba lisilozidi hekta 4 halidaiwi ramani ya mipaka yote, nukta moja tu ya kuonyesha lilipo inatosha, kwa hiyo vihamba vingi vya Kibosho na Machame vinaingia humo. Kampuni kubwa na za kati za Ulaya zimepewa hadi mwisho wa Desemba 2026, ndogo hadi mwisho wa Juni 2027. Anayewajibika kisheria ni kampuni inayoiingiza kahawa Ulaya, ila nukta ya shamba haiwezi kuitoa yeye, lazima itoke kwenye chama cha msingi cha wakulima. Chama ambacho hakijaanza kuzikusanya hakina sababu ya kungoja mnunuzi aje kuziuliza.