Je, wajua kwa nini TV ya chogo hupiga shoti hata baada ya kuchomolewa?

Hapa Dodoma TV za chogo bado zipo. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini Desemba 31, 2012, wengi hatukuzitupa, tuliziunganisha na king'amuzi maisha yakaendelea. Sasa zinakufa moja moja, na kijana wa nyumbani anashika bisibisi. Anachomoa waya ukutani, anajiona yuko salama. Hapo ndipo ninapopata hofu.

Nimekaa mara nyingi kibandani kwa fundi mmoja karibu na soko la Majengo. Mgongo wa TV ukifunguliwa, unaona vumbi letu la kiangazi limegandamana kama manyoya kuzunguka kifuniko cha mpira chenye waya mnene, kilichobanwa kwenye tyubu, lile chupa kubwa la kioo ambalo uso wake ndio skrini. Halikujaa pale bure. Limevutwa na umeme mkali: kwenye TV ya rangi waya ule hubeba kati ya volti 20,000 na 30,000, na soketi yako ina 230 tu.

Tyubu yenyewe ni ghala. Nje imepakwa grafiti nyeusi inayopitisha umeme, ndani nako imepakwa kitu kinachopitisha umeme, katikati kuna kioo. Mpangilio huo ndio kapasita, yaani kitunza chaji ya umeme, na inaweza kukaa na chaji kwa saa nyingi, hata siku kadhaa.

Lakini wengi wanaogopa tyubu peke yake, wakasahau kapasita nyingine, kikopo chenye ukubwa wa betri ya tochi kwenye pawa saplai, sehemu inayopokea umeme wa ukutani. Umeme huo ukishanyooshwa, yaani kugeuzwa uende upande mmoja tu, kikopo hicho hujaa takriban volti 325. Volti zake ni chache kuliko za tyubu, ila nishati kinayotunza inaweza kuzidi ile ya tyubu mara kumi, na ikipita kifuani kutoka mkono hadi mkono inaweza kusimamisha moyo. Cha kutisha zaidi, TV nzima ikizimwa hutumia chaji hiyo ikaisha. TV iliyokufa haina cha kuitumia, kwa hiyo mara nyingi mbovu ndiyo hubaki na umeme. Na ndiyo tunayoifungua! Monita na TV za bapa hazina tyubu, lakini nyingi zina kikopo hicho.

Shoti ya tyubu nayo si ya kudharau. Mkono unaruka wenyewe, ukigonga shingo nyembamba ya tyubu inavunjika. Ndani hamna hewa, kwa hiyo hewa ya nje huingia kwa kishindo na vioo vinaweza kurushwa.

Kwa hiyo kama si fundi, usifungue. Fundi wangu kikopo hukitoa chaji kupitia rizista, kifaa kinachopunguza kasi ya umeme, kisha hupima kwa mita. Kwa tyubu hutumia bisibisi yenye mpini mzito wa plastiki, chuma chake kimeunganishwa kwa waya na ethi, ule msuko wa nyaya tupu unaozunguka tyubu, mkono mwingine kauweka mgongoni. Siku moja alipenyeza ncha chini ya kile kifuniko cha mpira, tukasikia "pa!" Nikasogea nione, akanizuia. Tulikaa dakika kadhaa, akapenyeza tena. Ikalia mara ya pili, kwa sauti ndogo: kioo hunyonya chaji, kisha huirudisha polepole. Akasubiri tena, akarudia mara ya tatu. Kimya. Ndipo akagusa.