Je, wajua kwa nini Kiingereza hakina njeo ya wakati ujao?

Msafiri akisoma kwenye jeti ya Lamu sentensi "The boat leaves for Mokowe at six tomorrow", huenda akadhani mwandishi amekosea, kwa kuwa safari ni ya kesho ilhali kitenzi kiko katika wakati uliopo. Hakukosea. Kilichokosewa ni imani, iliyoenea sana madarasani, kwamba njeo na wakati ni kitu kimoja. Njeo ni umbo la kitenzi, na wakati ni pale tukio linapotokea. Viwili hivyo huandamana mara nyingi, lakini si daima. "If the boat left tomorrow" ina umbo la wakati uliopita na bado inazungumzia kesho, safari yenyewe ikiwa ya kudhania tu.

Wasemaji wa Kiswahili, tuliozoea -li-, -na- na -ta-, hutafuta -ta- ya Kiingereza na kuiokota "will". Lakini mtu aliyesikia mngurumo wa injini akasema "That will be the Mokowe boat" anakisia jambo la sasa hivi, wala si la baadaye. Sarufi ya Cambridge ya 2002, iliyoongozwa na Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, huliweka neno hilo pamoja na "can" na "may", yaani vitenzi visaidizi vya uwezekano na makisio, si umbo la njeo. Vitabu vya shule huorodhesha njeo 12, hesabu inayofaa kwa mazoezi, ingawa huchanganya njeo na hali ya tendo, yaani kama tendo linaendelea au limekamilika.

Anayetaka kuitambua njeo na akitazame kitenzi cha kwanza katika kundi. Vitenzi hivyo ni kama boti yenye injini inayokokota madau kwa kamba: ya mbele ndiyo hugeuka, na ya nyuma hufuata tu. "Has been waiting" ikirudishwa nyuma huwa "had been waiting". "Been" na "waiting" hazikuguswa. Swali nalo huleta boti mpya mbele: "she waited" huwa "did she wait?", kwa kuwa "did" imekwisha kuibeba njeo, na ndiyo sababu "did she waited" ni kosa.

Kanuni hii hukwama kwa vitenzi vichache visivyobadilika. "They put the sacks on the boat" haionyeshi njeo hata kidogo. Badala ya "they" iwe "she": "she puts" ni wakati uliopo, na "she put" ni uliopita.