Usimpe Piriton ili alale: Dar hadi Moshi kwa gari na watoto wadogo

Shule zikikaribia kufungwa Desemba, swali ninaloulizwa zaidi kliniki ya watoto ni hili: "Nesi, nimpe dawa gani alale mpaka Moshi?" Wengi huwa wameshaamua, wanachotaka ni kipimo tu. Jibu langu ni hapana. Lakini hapana peke yake haimsaidii mzazi mwenye kilomita kama 550 mbele yake, gari limejaa hadi buti, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeanza kulia kabla ya Kibaha. Kwa hiyo nieleze kwa kirefu.

Piriton na promethazini ni dawa za mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni. Promethazini haipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji hadi ukasimama. Ndani ya gari hatari hiyo inaongezeka: mtoto amekaa wima, dawa imemlegeza shingo, kidevu kinashuka kifuani na njia ya hewa inajikunja. Ninyi mlio mbele mnaona amelala vizuri. Akitapika katika hali hiyo, hana nguvu ya kugeuza kichwa. Na wapo watoto ambao dawa hizi badala ya kuwalaza huwachachamaza, wakawa hawashikiki njia nzima.

Mtoto analia garini kwa sababu zinazojulikana: joto, njaa, mkanda unaomkera, kichefuchefu, au mwili uliochoka kukaa mkao mmoja. Kila moja ina dawa yake, na hakuna iliyo kwenye chupa ya sharubati.

Naanza na kiti, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtoto wa chini ya miaka 2 akae kwenye kiti chake akitazama nyuma, na aendelee hivyo hadi afikishe kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, na shingo bado laini. Gari likigonga kwa mbele, anayetazama nyuma hupokelewa na kiti mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Anayetazama mbele hubaki na kiwiliwili kilichofungwa huku kichwa kikirushwa. Kiti cha kutazama nyuma kisikae mbele penye eabegi. Ule mfuko ukifumuka unapiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kiko pale pale.

Kumpakata si mbadala. Kwenye mgongano wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 anaweza kuvuta kama mzigo wa kilo 200 kwa muda mfupi sana. Hakuna mikono inayoshika hivyo. Kibaya zaidi ni kuzungusha mkanda mmoja kwa mama na mtoto: mtoto anakuwa kati ya mkanda na uzito wa mama. Kama huna kiti, azima kwa ndugu, au kiingize kwenye bajeti kabla hujapiga hesabu ya mafuta. Vya mtumba vipo, ila kigeuze kabla ya kulipa. Tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, na maandishi R44/04 au R129, yanayoonyesha kiwango cha usalama ambacho kiti kimekidhi. Angalia mwisho wa matumizi, ambao mara nyingi umechapwa kwenye plastiki chini au nyuma. Plastiki yenye ufa au mkanda uliochanika nyuzi, acha.

Kukifunga, weka goti ndani ya kiti, kandamiza kwa uzito wako, kisha vuta mkanda wa gari mpaka ukaze. Halafu kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, rudia. Gari lako likiwa na vyuma vya ISOFIX, yaani vya kushikia kiti cha mtoto bila mkanda wa gari, utavipapasa kwenye mfereji kati ya mgongo na kikalio cha siti. Mikanda ya mtoto mwenyewe itoke usawa wa mabega au chini kidogo kwa anayetazama nyuma, na usawa wa mabega au juu kidogo kwa anayetazama mbele. Mwishoni jaribu kuufinya mkanda wa begani kwa vidole viwili. Ukikunjika ukaushika, bado umelegea. Sweta zito lisikae chini ya mkanda. Mfunge kwanza, halafu mtandikie khanga juu.

Mtoto mkubwa zaidi, aliyekwisha kuzidi kiti cha mikanda yake, hukalia kiti cha kumwinua mpaka afike urefu wa karibu sentimita 135 hadi 150. Kazi yake ni kufanya mkanda wa chini upite kwenye mifupa ya nyonga badala ya tumbo, na wa juu katikati ya bega badala ya shingo. Magari mengi ya zamani kutoka Japani yana mkanda wa kiunoni tu katikati ya siti ya nyuma. Kiti cha kumwinua hakifai hapo, kinahitaji mkanda wa pointi tatu.

Sasa joto. Kutoka Chalinze kwenda Segera barabara inaelekea zaidi kaskazini, kwa hiyo jua la asubuhi linaingia kulia, nyuma ya dereva. Ukipita Segera kuelekea Korogwe, Same na Moshi, barabara inakwenda kaskazini-magharibi, na jua la alasiri la Desemba linakaa kushoto hadi mwisho. Mimi napendelea mdogo kabisa akae kushoto hata hivyo, kwa sababu mkisimama mlango wake unafungukia majanini na si upande wa mabasi. Bandika kivuli cha kioo kabla ya mchana. Usifunike kiti chenyewe kwa khanga. Hewa inakwama na mtoto anaiva ndani huku AC ikipuliza nje ya kitambaa. Mkiegesha juani, khanga nyeupe juu ya kiti kitupu inafaa sana, maana kile chuma cha kufungia mkanda hupata moto wa kuunguza paja. Kiguse kwa mgongo wa mkono kabla hujamrudisha mtoto. Na asiachwe garini peke yake, hata dakika za kununua machungwa pale Michungwani. Gari lililofungwa juani hupanda kama nyuzijoto 10 ndani ya dakika 10, na kushusha kioo kidogo hakusaidii kitu cha maana.

Kuhusu muda, wazazi wengi wanapenda kuondoka saa nne usiku ili watoto walale. Naelewa kwa nini, lakini sikubaliani nao. Usiku kuna malori yaliyoharibika bila taa, yaliyowekewa matawi tu barabarani kama onyo, kuna bodaboda zisizo na taa, kuna ng'ombe, na dereva mwenyewe ana usingizi. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Watoto wataendelea kulala wenyewe, nanyi mtatoka Kimara na Kibaha kabla foleni haijaamka. Wanaokaa Bunju au Tegeta wanaweza kupita Bagamoyo hadi Msata, wakaikwepa Chalinze kabisa.

Panga kusimama kila baada ya saa mbili, dakika 20 au 30, mtoto atolewe kwenye kiti na atembee au ajinyooshe chini. Hili ni kwa ajili ya pumzi yake na mgongo wake, na kwa ajili ya macho ya dereva. Kifungua kinywa Msata kama saa moja na nusu. Kusimama tena kati ya Mkata na Segera. Chakula cha mchana Korogwe, kama kilomita 290 kutoka Dar, kwenye saa tano, mpumzike saa nzima. Kisha Same alasiri, na Moshi kama saa kumi na moja jioni. Ni safari ya saa 12 nzima. Ukiipanga kuwa ya saa 8, utajikuta unazifidia kwa mwendo, na hapo vijiji vyote vina alama ya 50. Mtoto akiwa chini ya miezi 3, ningelala Korogwe. Mtoto mchanga wa wiki chache, kama safari si ya lazima, abaki nyumbani na mama yake.

Anayenyonya anyonyeshwe gari limesimama. Najua anapolia kati ya Hedaru na Makanya hamu ya kumtoa kwenye kiti ni kubwa, lakini ajali haisubiri amalize ziwa. Tafuteni sheli au sehemu pana mtoke barabarani. Maziwa yaliyokamuliwa yakae kwenye kibokisi chenye barafu, humo yanadumu hadi saa 24. Nje, kwa joto la Mombo, yahesabie saa chache tu. Wa maziwa ya kopo, beba maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai na unga uliopimwa mapema kwenye vikopo vikavu, uchanganye pale pale anapotaka kunywa na uyapoze kabla ya kumpa. Kilichobaki baada ya kunywa mwagieni mmea.

Kichefuchefu huwapata zaidi wa miaka 2 hadi 12. Sikio la ndani linasema tunakwenda, macho yaliyoinamia simu yanasema tumetulia, na ubongo unachanganyikiwa. Kwa hiyo katuni za kwenye simu, zinazoonekana kuwa mkombozi, ndizo huanzisha matapishi. Sehemu ya kuangalia zaidi ni baada ya Segera, penye mashamba ya mkonge: ile mistari iliyonyooka inapita karibu na kioo kwa kasi na kumzungusha mtoto kichwa. Mwelekeze atazame mbali mbele, atafute milima ya Usambara, baadaye ya Upare, yote kulia kwenu. Dalili huja kwa mpangilio: miayo, ukimya wa ghafla, uso kupauka, mate mengi, jasho baridi. Ukiona ukimya na miayo, fungua kioo na tafuta pa kusimama. Ukisubiri mate, umechelewa. Mkanda ukitapikiwa, ufute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Usiuloweke wala usitumie dawa ya kung'arisha nguo, inadhoofisha nyuzi. Nguo za kubadili, mifuko na taulo vikae miguuni mwako, visiwe chini ya masanduku.

Chakula kiwe kikavu na kidogo kidogo: ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha, chapati. Maziwa mengi, juisi na vya mafuta viahirishwe mpaka mfike. Karanga, pipi na bisi havipewi mtoto wa chini ya miaka 5 gari likienda; akipaliwa, hamtamsikia wala hamtamfikia kwa wakati. Maji apewe mafundo machache kila nusu saa. Poti ndogo yenye mfuko ndani inawaokoa pale ambapo choo cha sheli hakifai, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya lile chungwa.

Bebeni pakiti 4 za ORS, zile chumvi za kurudisha maji mwilini. Soma kwenye pakiti kiasi cha maji. Nyingi ni za lita moja, na mchanganyiko unatumika ndani ya saa 24 tu. Akiharisha, wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakidumbukia au choo kikiwa na damu, tafuteni hospitali ya karibu. Msisubiri kufika.

Gari lenyewe nitalisema kwa ufupi. Pima upepo wa tairi likiwa bado la baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukitumia safu ya gari lililojaa mzigo. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT kwenye tairi: 2319 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea nayo ipimwe, na jeki isiwe chini ya mizigo yote. Tairi likipasuka, watu wote washuke upande wa kushoto na wasimame mbali na lami, mtoto akiwa mikononi.

Mkishafika, kwa wale wa Marangu, Kibosho au Rombo, jioni ni baridi kuliko walivyozoea watoto wa Dar, kwa hiyo masweta yawe juu ya begi. Kadi ya kliniki isafiri nanyi. Na homa yoyote katika wiki chache baada ya safari isiitwe uchovu wa njia: mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo, na mwambie anayempima mlilala wapi.