Bahasha yenye nembo si ofa

Mwaka jana, mwezi wa sita, jirani yangu alinigongea mlango akiwa na bahasha mkononi. Karatasi nzito, nembo ya chuo kikubwa kwa rangi zote, na jina la mwanawe limeandikwa bila kosa hata moja, jambo ambalo shuleni kwake lilikuwa halijatokea. "Kaka, nisomee." Kabla sijaifungua alikuwa ameshapiga simu Bukavu, na huko walishatangaziana kwamba mtoto amechukuliwa na chuo. Ndani mlikuwa na mwaliko wa kambi ya mazoezi ya siku moja. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, bei ya kushiriki.

Sisi tuliokulia kwenye soka tunafika Marekani, watoto wanaingia futiboli ya huku, ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, na hatuna pa kuuliza. Basi tunaulizana wenyewe kwa wenyewe, na ndivyo uongo unavyosambaa.

Dhana: Chuo kikimwandikia mtoto, kinamtaka.

Ukweli: Vipeperushi vya kambi na fomu za maswali huruhusiwa kutumwa wakati wowote, na hutumwa kwa watoto wengi mno. Kocha anayemtaka mtoto kweli humpigia simu mtoto mwenyewe, huzungumza na kocha wake wa sekondari, huomba transkripti, yaani rekodi ya masomo na alama zake. Na chuo kinacholipia safari ya mtoto kwenda kukitembelea, yaani ziara rasmi, kimeshatoa pesa mfukoni. Ziara mnayojilipia petroli wenyewe ni jambo jema, lakini haithibitishi chochote.

Dhana: Kocha ametamka "tunakupa ofa", kwa hiyo mambo yamekwisha.

Ukweli: Ofa ya mdomo, yaani ahadi ya nafasi na ufadhili, haimfungi kocha wala mtoto. Ofa ya maandishi haitolewi kabla ya tarehe 1 Agosti ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na kusaini huanza Desemba ya mwaka huohuo. Ile hati ya zamani ya kitaifa ya kujifunga na chuo, iliyokuwa ikisainiwa mbele ya kamera ilifutwa Oktoba 2024. Siku hizi kinachosainiwa ni mkataba wenyewe wa ufadhili. Zipo hata ofa ambazo mtoto akisema "nimekubali" anaambiwa asubiri kidogo. Mwacheni aulize waziwazi: nikikubali leo, nafasi ni yangu?

Dhana: Akiingia timu ya chuo, kila kitu kinalipwa.

Ukweli: Hapa ndipo familia huumia. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, huvigawa vyuo katika Divisheni I, II na III. Kwa miaka mingi timu za ngazi ya juu kabisa, ndani ya Divisheni I, ziliruhusiwa wachezaji 85 wenye ufadhili kamili. Baada ya maridhiano ya kisheria kati ya NCAA na wachezaji, yaliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo vina kikomo cha wachezaji 105 kikosini, bila sharti la kumlipia kila mmoja. Divisheni II hufanya kazi kwa hesabu nyingine: fungu lenye thamani ya ufadhili kamili 36 hukatwakatwa vipande na kugawiwa wachezaji wengi, huyu vitabu, yule nusu ya ada. Divisheni III haina ufadhili wa michezo kabisa. Mtoto hulipiwa kwa alama zake na kwa hali ya kipato cha nyumbani kupitia FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, na mara nyingine jumla yake hushinda kipande cha Divisheni II. Kuna pia kualikwa kikosini bila senti moja. Hiyo nayo huitwa nafasi, na ni nafasi kweli, ila bili inakuja nyumbani.

Dhana: Akiwa na kipaji, masomo yatajipanga.

Ukweli: Hili ndilo ningepiga nalo ngoma mtaani. Ili kucheza Divisheni I, NCAA inataka masomo 16 ya msingi: manne ya Kiingereza, matatu ya hisabati kuanzia Algebra I kwenda juu, mawili ya sayansi, moja la nyongeza kati ya hayo, mawili ya sayansi ya jamii, na manne mengine yanayokubalika, lugha za kigeni zikiwemo. Wastani wa alama katika masomo hayo usishuke chini ya 2.3 kati ya 4, Divisheni II ni 2.2. Mitihani ya SAT na ACT, ile ya kuombea vyuo, iliondolewa kwenye masharti haya mwaka 2023, kwa hiyo anayewauzia kozi ya SAT "kwa ajili ya NCAA" anawauzia hewa.

Mtego uko kwenye tarehe. Kumi kati ya hayo 16 lazima yawe yamekamilika kabla muhula wa saba, yaani mwaka wa nne wa sekondari, haujaanza, na saba kati ya kumi yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo kumi zikishafungwa, kurudia somo ili kuzipandisha hakusaidii kwa Divisheni I.

Jioni ile ya bahasha tulikaa mezani kwa jirani, sahani za ugali zikiwa hazijaondolewa. Kila shule ina orodha yake ya masomo yaliyoidhinishwa na NCAA, na iko wazi mtandaoni. Kijana alisoma transkripti, mimi nikafuata orodha kwa penseli. Hisabati ya darasa la 9 ilikuwa chini ya Algebra: nikaikata. Madarasa mawili ya ESL, yaani Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, ya wanaoanza, aliyopata A zote mbili: hayamo. ESL ya ngazi ya juu inaweza kukubaliwa kama Kiingereza, lakini si kila ESL. Alikuwa anamaliza mwaka wa pili, kwa hiyo muda ulikuwepo. Angekuwa mwaka wa nne ningenyamaza tu. Shuleni hakuna aliyekuwa amemwambia.

Dhana: Asiye na nyota za kupimia wachezaji mtandaoni hana bahati.

Ukweli: Josh Allen, nyota wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, alimaliza sekondari bila ofa hata moja ya ngazi ya juu, akapitia chuo cha miaka miwili cha Reedley, California, ndipo Wyoming ikamchukua. J.J. Watt, naye aliyekuja kuwa nyota wa NFL, alikuwa na nyota mbili tu. Na kwa wanaosema watoto wetu wamechelewa kuuanza mchezo: Andrew Mukuba alizaliwa Zimbabwe kwa wazazi waliokimbia Kongo, akafika Austin akiwa na miaka 9, akacheza Clemson, kisha Texas, na mwaka 2025 Eagles, timu ya NFL ya Philadelphia, wakamchagua katika raundi ya pili ya uchaguzi wa wachezaji wapya.

Dhana: Kuna wakala anayeweza "kumuingiza" mtoto.

Ukweli: Anayedai asilimia ya ufadhili anaweza kumponza mtoto, kwa maana malipo ya aina hiyo yamekatazwa na NCAA. Mtoto anachohitaji ni video ya dakika chache, matukio bora yakitangulia, namba ya jezi, urefu, uzito na wastani wa alama vikionekana. Kocha wa sekondari huwa na akaunti ya Hudl, tovuti ya video za michezo, ya kazi hiyohiyo.

Dhana: Kambi ni wizi mtupu.

Ukweli: Nyingine ni biashara, sikatai. Lakini kambi za vyuo vikubwa mara nyingi hualika makocha wa vyuo vidogo waje kusaidia mazoezi, na hao ndio wanaotafuta wachezaji ambao wakubwa hawatawagusa. Waandikieni mapema kwamba mtoto atakuwepo. Mtoto wa jirani alilipa, akakimbia, akaanguka mara moja mbele ya watu wote. Wenye nembo hawakumtazama. Kocha mmoja wa chuo kidogo alimfuata kwenye ndoo ya maji, akachukua namba ya simu, na ujumbe wa kwanza aliotuma usiku ule ulikuwa na neno moja: transkripti?