Rubani Mantell hakutunguliwa na viumbe wa angani

Mwaloni Kirumba, wachuuzi wakisubiri mitumbwi ya dagaa, nimekisikia tena kisa kile: rubani wa jeshi la Marekani alikifukuza chombo chenye umbo la kisahani angani, viumbe wa sayari nyingine wakamtungua. Ndugu zangu, sivyo, na inaniuma kifo cha kijana aliyekuwa kazini kikigeuzwa hivyo.

Ni Kapteni Thomas Mantell, miaka 25. Tarehe 7 Januari 1948, huko Kentucky, akiwa na ndege ya kivita aina ya Mustang, aliombwa akachunguze kitu cheupe kinachong'aa juu sana. Akapanda kukifuata hadi akapita mita 6,000, juu kuliko kilele cha Kilimanjaro, bila kifaa cha oksijeni. Kiini kiko hapo. Hewa ikiwa nyepesi kiasi hicho ubongo hukosa oksijeni. Mawazo huvurugika, macho huingia giza, mtu huzirai. Ndege isiyo na mwongozaji ikaporomoka.

Na kile kitu? Yaelekea sana ni puto la Skyhook la jeshi la majini, la uchunguzi wa anga za juu, upana karibu mita 30. Mradi ulikuwa siri, naye hakuujua. Usiku hapa ziwani, karabai moja ya mvuvi ikiwa mbali, hata mzoefu huidhani nyota.